Mashine inabwia petroli: kutafuta lita zinakopotelea kwenye boti ya uvuvi

Giza moja la mwezi, boti yangu ya dagaa pale Igombe, Mwanza, ilianza kurudi na dumu tupu. Ilizoea kutumia lita 14 au 15 kwa usiku. Ikapanda hadi 18, kisha ikamaliza lita 20 zote. Nikamwita nahodha pembeni.

"Mafuta yanakwenda wapi?"

"Tajiri, mashine imebadilika. Inakula."

"Mashine ni ile ile, njia ni ile ile. Aliyebadilika ni nani?"

Alinyamaza. Kesho yake boti nikampa mtu mwingine, na huyo naye akarudi na dumu tupu. Ndipo nikamwita fundi. Alifungua pampu ndogo ya petroli iliyo ubavuni mwa mashine, akatoa kile kipande chembamba cha mpira kilichomo ndani, akakielekeza juani. Palikuwa na mpasuko usiozidi punje ya mchele. Petroli ilikuwa ikipenya hapo na kuingia ndani ya injini bila kupimwa na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa nahodha wangu, nikakaa kwenye mkeka wake na kumwomba radhi mbele ya mkewe. Alirudi kazini na tuko pamoja mpaka leo. Naandika haya kwa sababu ugomvi huu nimeukuta mialo mingi, na inaniuma kuona mtu anaachishwa kazi kwa lita ambazo hakuna aliyeziiba.

Tena lita hizo si za tajiri, yaani mwenye boti, peke yake. Kwa utaratibu wetu petroli hutolewa kwanza kwenye mauzo, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Lita 5 zikipotea kila usiku, kwa usiku 20 wa giza ni lita 100, na kila kijana aliyevuta wavu amezilipia.

Namba mbili kabla ya kushika spana

Usianze kufungua mashine. Anza kupima. Bila namba ya siku ambayo boti ilikuwa nzima, huwezi kujua kama leo ni mgonjwa.

Dumu si kipimo. Dumu linaloitwa la lita 20 ukilijaza mpaka shingoni hubeba zaidi ya 20, na lililobonyea hubeba pungufu. Chupa za petroli za mwaloni ndiyo kabisa, kila muuzaji ana chupa yake. Geji ya tangi nayo haisemi kweli boti ikiwa inayumba. Mimi natumia kijiti. Nilichukua mbao nyembamba nyeupe, kavu, ndefu kupita kina cha tangi. Nikaweka tangi tupu mahali tambarare, nikamimina petroli lita moja kwa chupa niliyoihakikisha, nikachovya kijiti wima mpaka kigonge chini, nikakata alama kwa kisu pale palipolowa. Lita ya pili, alama ya pili, hadi tangi likajaa. Petroli hukauka upesi mno, kwa hiyo nakipaka kijiti chaki kabla ya kuchovya ili mstari uonekane. Kazi hii ilinichukua nusu saa na nimeitumia miaka. Fanya mchana, mashine ikiwa imepoa, pasiwe na sigara wala karabai karibu. Na tafadhali, acheni kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira. Ikiingia kifuani inaua.

Daftari lina mistari michache tu: tarehe, lita wakati wa kuondoka, lita wakati wa kurudi, saa ambazo mashine imefanya kazi, watu wangapi, na mzigo. Saa za mashine si saa za safari. Ukikaa saa nne unavizia dagaa taa zikiwa zimewaka na mashine imezimwa, hizo hazihesabiwi. Andika lita, usiandike shilingi. Bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hubadilika kila mwezi, na ukifuata shilingi utadhani mashine imeharibika kumbe ni bei iliyopanda.

Kisha chagua kipande cha ziwa kuwa mizani yako. Tafuta alama mbili zisizohama, na kwetu Mwanza miamba haikosekani. Umbali kati yake upime kwa GPS ya simu, ambayo hufanya kazi hata bila bando. Changu ni kilomita 4 kwenda na 4 kurudi. Lazima uende na kurudi, kwa sababu upepo ukikusukuma upande mmoja utakuzuia upande mwingine. Jaza tangi mpaka alama, tembeza boti tupu kwa moto ule ule, yaani kasi ya mashine unayofungua kwa mkono, bila kuubadilisha, rudi, kisha ongeza petroli kwa chupa ya lita mpaka alama ile ile. Ulichoongeza ndicho mashine ilichokula.

Kwa mashine yangu ya nguvu za farasi 15, ya mchanganyiko, yaani inayochanganyiwa oili kwenye petroli, namba zilikuwa hivi. Moto wote: kilomita 8 kwa dakika 34, lita 4. Robo tatu ya moto: kilomita 8 kwa dakika 40, lita 3.2. Yaani moto wote ni lita 7 kwa saa na nusu lita kwa kilomita. Robo tatu ni lita 4.8 kwa saa na lita 0.4 kwa kilomita. Dakika sita nilizookoa kwa kufungua moto wote zilinigharimu moja ya tano ya petroli. Boti ndefu ya mbao haipandi juu ya maji kama boti ya mbio. Ikifika mwendo wake, moto unaoongeza unageuka mawimbi nyuma yako.

Ukitaka kujua kama namba yako iko mahali pake, kadirio la mafundi kwa mashine ya mchanganyiko ikiwa moto wote ni kati ya lita 0.4 na 0.5 kwa kila nguvu ya farasi kwa saa. Ya 15 ni lita 6 hadi 7.5, ya 25 ni 10 hadi 12.5, ya 40 ni 16 hadi 20. Mashine za oili ya pembeni, zile zisizochanganywa, hula pungufu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo siri ya kazi yote ilipo. Rudia safari ya mizani siku utakayohisi kuna tatizo, kwa moto ule ule, kisha linganisha namba zote mbili:

Lita kwa saa zikiwa zimepanda, ugonjwa uko kwenye njia ya petroli: tangi, mpira, pampu, kabureta, plagi.

Lita kwa saa zikiwa zile zile lakini lita kwa kilomita zimepanda, mashine haina kosa. Tafuta majini: propela, mkao wa mashine, boti yenyewe, mzigo.

Zote mbili zikiwa sawa na bado safari za usiku zinakula zaidi, basi jambo liko kwenye njia mliyopita, kwenye vipimo vyenu, au kwa watu.

Nahodha wangu angekuwa na namba hizi usiku ule nilipomwita, angenionyesha kuwa lita kwa saa zimepanda, na ningemwita fundi badala ya kumtukana.

Petroli inaonekana majini au inanukia

Ukikuta utando wa rangi za upinde wa mvua kuzunguka mashine, usitishike mara moja. Mashine ya mchanganyiko hutema oili kidogo kwenye moshi wake, na moshi hutokea majini. Utando wa kutisha ni ule unaotokea mashine ikiwa imezimwa na boti imetulia.

Fungua kifuniko cha mashine. Bonyeza kipira cha kupampu kilicho kwenye mpira wa petroli mpaka kiwe kigumu, kisha subiri dakika tano. Kikibaki kigumu, njia nzima imeshika. Kikilegea, petroli inatoka mahali. Pitisha kidole kikavu kwenye kila kiungo, chini ya pampu, chini ya kabureta, halafu kinuse. Kiungo cha mpira na tangi ndicho huchakaa kwanza, kwa sababu kila siku kinachomolewa na kuchomekwa na vidole vyenye mchanga. Ndani yake kuna kipete kidogo cha mpira, na ndicho cha kubadilisha.

Petroli ikidondoka kwenye kabureta yenyewe, sindano inayofunga njia haikai vizuri. Ina uchafu, imelika, au boya la ndani limetoboka na kuzama. Fungua bakuli la kabureta juu ya sufuria safi, siyo juu ya ziwa, uone kilichomo. Mara nyingi utakuta punje za mchanga na ute wa njano.

Inakula zaidi giza linapoanza, halafu inatulia

Hii ni ya wavuvi wa dagaa hasa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, boti zinapumzika siku kadhaa na mashine inakaa na petroli ndani ya kabureta. Petroli ile inakauka na kuacha gundi inayonasa sindano na kuziba jeti, vile vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta. Giza likirudi, mashine inawaka kwa shida, vijana wanavuta choki, ile ya kupunguza hewa wakati wa kuwasha, na kuisahau, na usiku wa kwanza lita zinapaa. Baada ya siku tatu gundi inayeyuka na kila kitu kinarudi, na wewe umeshagombana na watu.

Dawa yake ni bure. Usiku wa mwisho kabla ya kupumzika, ukifika karibu na ufukwe chomoa mpira wa petroli mashine ikiwa bado inazunguka na propela iko majini, uiache imalize iliyobaki mpaka izime yenyewe. Petroli iliyobaki kwenye tangi ihamishie kwenye dumu lililofungwa vizuri na uliweke kivulini, mbali na jiko na mahali watu wanapolala.

Moshi mweusi, plagi nyeusi

Chomoa plagi uisome. Ncha yenye kahawia ya mkate uliookwa ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria: petroli ni nyingi kuliko hewa. Nyeusi, imelowa na inateleza: petroli haiungui yote, au oili imezidi. Nyeupe kama chokaa: petroli ni chache, na hiyo ni hatari nyingine, maana pistoni inaweza kuungua.

Mashine ikiwa na plagi mbili, ziweke sambamba kiganjani. Zote zikiwa nyeusi sawasawa, kosa ni la pamoja: choki haifunguki hadi mwisho, boya la kabureta liko juu mno, au mchanganyiko umekosewa. Moja ikiwa nzuri na nyingine imelowa, upande mmoja hauchomi, na robo au nusu ya petroli yako inatoka na moshi bila kufanya kazi. Badilishana plagi. Ulowevu ukihamia upande wa pili pamoja na plagi, plagi imekufa. Ukibaki palepale, angalia waya na koili, kisha ile pampu iliyonifundisha adabu. Pampu ya petroli ya mashine hizi haina mota. Inasukumwa na mapigo ya presha yanayotoka ndani ya injini kupitia kitundu kidogo, na kinachotenganisha mapigo hayo na petroli ni kile kipande cha mpira. Kikipasuka, injini inainyonya petroli moja kwa moja kupitia kitundu hicho, upande wa silinda ile inayoipa pampu mapigo. Kipande chenyewe ni bei ndogo. Mimi sasa nabadilisha kila mwaka bila kusubiri kipasuke.

Kuhusu mchanganyiko, soma kibandiko kilicho kwenye mashine yako, usisome cha jirani. Mashine nyingi zilizopo huku zinataka lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, yaani mililita 400 kwenye lita 20. Mashine mpya wakati wa kuzoezwa huhitaji oili mara mbili ya hapo. Kukadiria kwa macho, "mimina mpaka iwe na rangi", ndiko kunakojaza masizi kwenye plagi na kwenye tundu za moshi. Na anayepunguza oili ili kubana matumizi ananunua pistoni mpya kwa mkopo.

Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo wenzetu wa pwani hawana. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, kwa hiyo mashine yoyote isiyo na kipuliza hewa hupoteza hapa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kabureta iliyowekewa jeti za usawa wa bahari hutoa petroli ile ile kwa hewa iliyo chache, na mashine inaelekea upande wa weusi tangu siku ya kwanza. Ukiona plagi zote mbili zina masizi makavu, choki iko sawa, boya liko sawa, mchanganyiko umepimwa, muulize fundi anayeijua mashine hiyo kuhusu jeti ndogo zaidi za maeneo ya juu. Lakini iwe hatua ya mwisho, na ifanywe na mtu anayesoma kitabu cha mashine. Nimeona vijana wakiziba jeti kwa waya wa shaba ili "ile kidogo". Ilikula kidogo kweli kwa wiki mbili, ikafia katikati ya maji.

Mwingine wa kuchunguza ni themostati, kifaa kinachozuia maji ya kupooza mpaka injini ipate joto lake. Mashine ikichemka, wapo mafundi wanaoing'oa na kuitupa ili maji yapite kwa wingi. Kuchemka kunaisha, lakini sasa mashine inafanya kazi ikiwa baridi usiku kucha, petroli haigeuki mvuke vizuri, na matumizi yanapanda bila sababu inayoonekana. Ukinunua mashine iliyotumika, hili ni swali la kwanza kwa muuzaji. Kama ilikuwa inachemka, kinachotakiwa mara nyingi ni kubadilisha kile kigurudumu cha mpira cha pampu ya maji, ambacho mchanga wa ufukweni hukila.

Mashine inalia, boti haiendi

Hapa lita kwa saa ziko kawaida, lita kwa kilomita zimepanda, na sikio linakuambia kabla ya daftari: sauti imekuwa kali na nyembamba, boti inasogea kwa uvivu.

Kwanza tazama kitovu cha propela. Kati ya kitovu cha ndani kinachoshika mhimili na kile chenye mapanga kuna mpira uliobanwa, uliowekwa ili propela ikigonga mwamba mpira uteleze na gia isivunjike. Mpira ukichoka unateleza hata bila mwamba. Jaribio lake ni dogo na ni zuri: kausha kitovu, chora mstari mmoja wa rangi ya kucha unaovuka kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, nenda ziwani, rudi. Mstari ukiwa umekatika na nusu zake haziko mkabala, propela inateleza.

Kisha mapanga yenyewe. Yapapase kwa kidole gumba kuanzia kitovuni hadi nchani. Ukingo uliojikunja kiasi cha unene wa sarafu unatosha kuharibu mwendo. Miamba yetu iliyofichika chini ya maji inakunja mapanga polepole, na jicho linazoea. Nina propela mpya iliyoning'inia ukutani ambayo haiendi ziwani. Kazi yake ni kulinganisha tu.

Ukimaliza, toa propela kabisa uangalie nyuma yake. Uzi wa ndoano na nyuzi za nyavu hujisokota hapo na kukata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia. Maji yanaingia kwenye oili ya gia na oili inageuka kama chai ya maziwa. Ukiiona hivyo usiende ziwani kwanza. Magugu maji nayo yakijisokota yanazidisha mzigo wa mashine, lakini hayo unayaona mara moja ukiinua mashine, na kuyaondoa ni kazi ya dakika mbili na mashine imezimwa.

La mwisho hapa ni kimo cha mashine. Lile bapa lililo juu tu ya propela linapaswa kuwa sawa na mkuku au chini yake kwa sentimita 2 au 3. Mafundi wetu wa mbao hupenda kuinua ubao wa nyuma ili wimbi lisiingie, na mwenye boti ananunua mashine ya mguu mfupi kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Propela inakuwa karibu mno na uso wa maji, inavuta hewa, inalia. Suluhisho ni kukata ubao huo kwa kipimo au kutafuta mashine ya mguu mrefu. Kuongeza moto hakusaidii chochote.

Mashine imelemewa, boti imekuwa nzito

Sauti hapa ni kinyume, nene, ya kugugumia, na mashine haifiki mizunguko yake hata kwa moto wote. Kabla ya yote angalia maji yaliyomo ndani ya boti. Boti yenye sakafu ya mita 6 kwa sentimita 80 ikiwa na maji ya kina cha vidole vinne, tuseme sentimita 8, imebeba karibu kilo 380. Hao ni watu wazima watano au zaidi waliokaa miguuni pako bila kuvuta wavu. Mwambie kijana akumbe maji kabla ya kuanza safari ya kurudi, siyo mkifika. Boti inayohitaji kukumbwa kila saa ipandishwe ufukweni ikatiwe kalafati upya.

Ukoga chini ya boti unapunguza mwendo, na unaondoka kwa brashi ngumu na mchanga. Mbao zilizokunywa maji mwaka mzima ni nzito, basi wiki ya mbalamwezi igeuze boti ikauke. Sogeza mzigo pia. Madumu, nanga na watu wote wakikaa nyuma, pua inanyanyuka na mashine inasukuma boti iliyochuchumaa.

Kipira cha kupampu kinabonyea au kinalegea njiani

Mashine inakatakata, nahodha anavuta choki ili isizime, na choki ndiyo inayokula petroli. Kipira kikiwa kimenyonywa bapa, njia imezibwa nyuma yake: fungua kiskurubu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi, kisha angalia kichujio. Kikiwa laini na mashine inapata nguvu kila ukikibonyeza, hewa inaingia kwenye kiungo au pampu imechoka. Mimina petroli kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie robo saa. Maji yakiwemo utayaona yamejitenga chini, na hapo tafuta dumu lililoachwa wazi kwenye mvua.

Vipimo vyote ni sawa lakini safari bado inakula

Usilinganishe kwenda na kurudi. Usiku upepo wetu hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka. Boti inayotoka jioni na kurudi alfajiri huenda ikiwa nyepesi, hurudi ikiwa na dagaa huku upepo wa nchi kavu ukiipiga usoni. Linganisha kwenda na kwenda, kurudi na kurudi.

Uliza kama jenereta ya taa inachota kwenye dumu hilo hilo. Kama ndivyo, iwe na kidumu chake. Uliza kama walivuta boti ya wenzao iliyozimika. Hilo ni jambo la utu na hatutaki liachwe, liandikwe tu. Uliza kama samaki wamehama na mmefuata mbali zaidi. Simu ya nahodha ikiwa inarekodi njia, kilomita zitaonekana zenyewe.

Joto nalo lina sehemu yake, lakini ujue ukubwa wake. Lita 20 zilizopimwa alfajiri kwenye nyuzi 20 zikifika nyuzi 35 zinavimba karibu robo lita, na zikipoa zinarudi. Ukikosa robo lita usimuulize mtu. Ukikosa lita 3 kila usiku, mizani imekubali, njia imekubali, jenereta ina kidumu chake, basi kaa na wafanyakazi wote pamoja, daftari likiwa katikati, usome namba kwa sauti na umpe kila mmoja nafasi ya kusema. Ikishindikana, viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wapo, na daftari lile utakwenda nalo.

Kwangu siku hizi nahodha ndiye anayechovya kijiti, mimi namshikia taa ya simu. Anaita namba, naandika, naye anaweka sahihi yake pembeni. Wiki iliyopita aliita, "Tisa na nusu," akakiangalia tena kijiti, akanyamaza kidogo. "Mzee, matumizi yanapanda tangu juzi. Kesho asubuhi tutoe propela tuitazame."

Tulikuta uzi wa ndoano umejisokota nyuma ya kitovu, mizunguko kama kumi hivi, na sili ilikuwa bado haijakatika.